Nne kwa Utii

Juzi binti yangu alijaza karatasi ya shule ya mwanawe huku anasonga bukari. Mkono mmoja kwenye mwiko, mwingine kwenye kalamu ya biki. Karatasi ilikuwa inauliza wazazi: mtoto anasaidia nyumbani? Ana adabu? Anapitia masomo yake? Naye anaweka très bien, vizuri sana, très bien, très bien, bila hata kugeuka kumtazama mtoto, ambaye wakati huo alikuwa amelala kwenye kiti, miguu juu ya meza. Unga ulikuwa umerukia ile karatasi, na moshi wa makaa umejaa jiko zima. Nikamwambia asome kwanza. Akacheka.

"Mama, nani anasomaka ile? Unaandika, unasaini, inaisha."

Nikatoka nje, nikaenda kukaa barazani, hapa kwetu Kampemba, nikiwa na hasira ambayo yeye hakuielewa na mimi sikuwa na nguvu ya kumweleza. Labda nyinyi wa rika langu mtanielewa. Nyinyi mliosoma wakati mji huu bado unaitwa Elisabethville, mkaingia darasani kwa Masista na miguu mitupu iliyosuguliwa kwa jiwe, mnajua kwamba karatasi ya shule haikuwa kitu cha kuwekea unga.

Darasani kwetu tulikaa kwa alama. Kila mwisho wa mwezi Masere, ndivyo tulivyomwita Sista, alisoma pointi za kila mmoja kwa sauti, tukasimama na madaftari yetu kifuani, tukahama. Wa kwanza alikaa benchi la nyuma, karibu na dirisha, wa mwisho akakaa mbele kabisa, chini ya macho yake. Mgeni yeyote aliyeingia aliona hesabu ya vichwa vyetu kabla hata hajasalimu. Mpaka leo nikisikia harufu ya chaki iliyolowa, nangoja kuambiwa nihamie wapi.

Lakini mwaka ule wa tano, mwaka wa mwisho, sikuhama. Nilikuwa wa pili mwezi baada ya mwezi. Wa kwanza alikuwa Godeliva, binti wa karani mmoja kutoka Kasai, mtu aliyekuwa na kabati la vitabu nyumbani na kalamu mbili mfukoni. Sikumwonea wivu. Tulikaa benchi moja, tukagawana karanga, na hesabu alizoshindwa nilimwonyesha, na dikte, yaani imla, nilizoshindwa alinionyesha.

Mwaka ule kulikuwa na kitu kimoja cha kutafutwa, na kila msichana alikijua. Masista wangechukua watatu wa kwanza kuwapeleka shule ya mamonitrice, wasichana wanaofundishwa kuwa walimu. Ilikuwa mbali, upande wa Kambove. Unapanda treni mpaka Jadotville, halafu lori, halafu unalala hukohuko na wenzako. Wale wengine wote wangebaki mjini, kwenye foyer, kufundishwa kushona, kufuma, na kuogesha watoto, wakingoja mchumba. Shuleni kwetu alikuwapo monitrice mmoja, dada mweusi kama sisi, mwenye viatu vya kamba, aliyeandika ubaoni mstari ulionyooka bila kutazama kitabu. Niliutazama mgongo wake mwaka mzima. Nyumbani nilichukua kaa jeusi, nikaandika kwenye ukuta wa jiko, na mdogo wangu Sofi na watoto wa jirani wakakaa chini wakapiga kelele za a, e, i. Nilitaka kwenda shule ile. Sijawahi tena kutaka kitu namna ile, hata kuolewa.

Basi, miezi miwili kabla ya mwisho wa mwaka, Masere Mkuu akaingia darasani na furushi la karatasi zilizopigwa stensili, wino bado unanuka. Alikuwa mama mrefu, mtu wa haki kweli, nasema hivyo hata leo. Hakumpiga mtoto bila kumwambia sababu. Akatueleza kwamba shule inamwona mtoto saa chache tu za siku, na kwamba mwalimu hawezi kujua nani anafaa kufundisha wengine kama hajui yukoje kwao. Kwa hiyo safari hii wazazi nao watatoa alama. Mistari minne: kutii, usafi, kazi za nyumbani, sala. Kila mstari juu ya kumi, yaani kumi ndiyo alama kamili. Alama hizo zitajumlishwa na za mtihani. Mzazi asiyejua kuandika atasema kwa kinywa chake, mtu mwingine ataandika, hata mtoto mwenyewe, na mzazi ataweka kidole.

Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa nimeshikilia ile karatasi kwa vidole viwili ili isikunjike. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Kwetu ni mimi niliyechota maji, niliyemfunga Sofi nywele, niliyeongoza sala ya kula. Nilijiambia kwamba shuleni Godeliva ananishinda kwa dikte, lakini nyumbani hakuna wa kunishinda.

Baba yangu alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi nguo za mzungu mmoja wa reli na mke wake, na mikono yake ilinuka sabuni na kaa la pasi hata siku ya sikukuu. Alitoka vijiji vya upande wa Kasomeno, hakukanyaga shule hata siku moja. Hakujua herufi wala tarakimu. Nguo za watu alizijua kwa vifungo. Sisi tulimwita Tata, na yeye akaniita mayo, yaani mama, maana nilirithi jina la mama yake. Mama na yeye waliitana kwa jina langu la ubatizo, kama desturi ya kwao: Bashi Agnesi, Bana Agnesi, baba wa Agnesi, mama wa Agnesi.

Tulifanya kazi ile Jumapili, baada ya misa na chakula. Tata alinawa mikono, akavuta kiti mpaka mlangoni kwenye mwanga, akafunga kifungo cha juu cha shati kana kwamba karatasi ingemwona. Mama alikuwa kwenye mkeka anachambua maharagwe. Mimi nilipiga magoti mbele ya kibao, wino upande wangu wa kulia.

"Kumi njo ya mwisho?" Tata aliuliza.

"Ndiyo, Tata. Juu ya kumi hakuna tena."

"Soma."

"Kutii. Kama mutoto anasikia ile bazazi yake banamwambia."

Alinitazama kidogo, kisha akatazama barabarani. "Ine."

Nne. Nilidhani anahesabu kitu kingine. "Ine, Tata?"

"Ine. Andika, mayo."

Mama aliinua kichwa. "Bashi Agnesi, ine namuna gani? Mutoto huyu unamutuma hata na mvua, anaenda."

"Nyamaza kwanza. Ile iko maneno ya mi na Masere." Akanigeukia. "Ingine."

Usafi: ine. "Mi njo dobi," alisema, "safi naijua." Kazi za nyumbani Mama alipigania kwa sauti mpaka Tata akapandisha kufika tano. Kwa sala akasema tatu, na Mama alipofungua mdomo akamwahi: "Hata mi mwenyewe siwezi kujipa ine ku sala. Tatu."

Niliandika. Mkono wangu ulikuwa mzuri, Masere alikuwa anausifu, na nne zangu zilikuwa na mgongo ulionyooka. Niliziandika vizuri kabisa. Halafu nikapaka wino kidole gumba cha Tata, akakandamiza chini ya karatasi, akakitazama kile kidole chake pale kwenye karatasi na kutikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyepiga pasi kola ngumu ikakubali.

"Muzuri," akasema. "Sasa tungoje."

Sikumwuliza tunangoja nini. Nilikwenda nyuma ya jiko, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikaanza kutafuta. Nne juu ya kumi maana yake kuna sita zilizopotea, na nilitaka kujua nilizipoteza wapi. Nikakumbuka sukari niliyolamba. Nikakumbuka siku Tata aliponiita nikamaliza kwanza kuruka kamba yangu. Nikakumbuka jinsi nilivyosinzia kwenye rozari. Havikutosha. Kwa vitu vile hata mwizi angepata saba. Basi nikaamini kwamba baba yangu anaona ndani yangu uovu ambao mimi mwenyewe sijauona, na kwamba amekuwa akiuona miaka yote na kunyamaza kwa upole. Nilimwamini yeye kuliko nilivyojiamini mimi.

Kuanzia siku ile nilikuwa mtoto wa mbio. Nikiitwa jina nusu, nimeshafika. Nilifua sare yangu mpaka bluu yake ikawa kama maziwa. Niliposali nilifumba macho kwa nguvu mpaka nikaona nyota. Sofi alinicheka, akaniita Mama Bikira. Na Tata hakusema kitu. Nilikuwa namchungulia wakati wa kula nione kama nimepanda mpaka tano, lakini uso wake ulikuwa uleule wa kila siku.

Shuleni wenzangu walionyeshana. Godeliva alikuwa na kumi kwenye mistari yote minne, kwa mwandiko wa baba yake uliolala upande mmoja kama majani kwenye upepo. Msichana mmoja aliyekuwa anamtukana mama yake mpaka majirani wanasikia, yeye alikuwa na tisa kwa kutii. Mimi nilikunja yangu, nikaiweka chini ya furushi, na nilidhani kwamba wazazi wao hawaoni vizuri kama baba yangu.

Tata alikuwa anangoja kweli. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alisimama kwenye lango ambako Masista hupita, kofia mkononi, shati lake la pasi ya moto linang'aa. Masere Mkuu alipita. "Yambo, baba." "Yambo, Masere." Akaenda zake. Tata akabaki pale pale. Jumapili ya pili vilevile. Ya tatu alijikohoza kabisa Masere alipokaribia, na Masere akamwambia anywe maji ya moto na limau. Nyumbani Mama alikuwa anamtazama tu, na yeye anasema, "Bado. Atakuya." Mimi nilifikiri anangoja kushukuriwa kwa kusema ukweli.

Ikafika siku ya proklamasio. Mnaikumbuka: mabenchi yametolewa uani, wazazi wamevaa, wazungu wawili watatu mbele kwenye viti vyenye mikono, na jina la kila mtoto linasomwa kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho, kila mtu anasikia. Wa kwanza, Godeliva. Makofi. Wa pili, si mimi. Wa tatu, si mimi. Nilikuwa nimeshainua kisigino kwa kila jina, nikakirudisha chini. Wa nne, wa tano. Wa sita, Agnesi.

Katika mtihani nilikuwa wa pili. Masere Mkuu alisema hivyo mwenyewe, akasoma alama za mtihani, halafu akasoma za nyumbani, na sauti yake ikashuka kidogo pale, kwa huruma nadhani, jambo lililofanya watu wageuke zaidi. Wale watatu wakaitwa mbele, wakapewa kila mmoja picha ya mtakatifu na barua ya kupeleka nyumbani. Mimi nilipewa kitabu cha nyimbo. Tata alipiga makofi. Alikuwa amesikia jina langu likisomwa mapema kuliko majina thelathini na kitu, akadhani mambo ni mazuri. Ni Mama aliyeelewa. Alisonya msonyo mrefu hata mke wa karani akasogea.

Hakungoja kufika nyumbani. Katikati ya barabara ya cité, mtaa wetu Waafrika, kitabu cha nyimbo kikiwa kwapani mwangu, Mama alimgeukia.

"Ine yako njo ile! Umeona? Bale batatu banaenda. Wa kwako anabaki!"

"Anabaki namuna gani?"

"Anabaki! Ju ya ine yako! Ulizania iko buko, maneno ya posa? Ulizania Masere anakuya kuoa, mukae, musemezane?"

Tata alisimama. Watu walikuwa wanapita na baiskeli. "Mutoto iko wangu," alisema polepole, kama anamweleza mtu kitu ambacho hata kuku anakijua. "Mi niseme kumi? Mi baba yake? Bantu batasema nini? Mi nashusha, yeye anapandisha. Anakuya, ananiambia, 'Hapana, baba, huyu mutoto iko muzuri.' Mi nakatala. Anasema tena. Njo vile. Njo adabu."

Hapo ndipo nilipokumbuka posa ya shangazi yangu, mdogo wake Tata. Wageni walikaa kwenye mkeka, na Tata akaanza: huyu dada yetu mnayemtaka ni mvivu, chakula anaunguza, masikio yake mazito, mtamrudisha kabla ya mvua. Na wageni wakapinga kwa kelele: hapana, tumemwona, mikono yake ni ya kazi, sauti yake hatujaisikia ikipanda. Tata akamshusha tena, wao wakampandisha zaidi, mpaka watu wote wakacheka na bia ikamiminwa. Shangazi alikuwa nyuma ya ukuta pamoja nami, anasikia anavyotukanwa na kaka yake, na meno yote yako nje kwa furaha. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa watu wa baba yangu, mtu anayemsifu mtoto wake kwa mdomo wake mwenyewe ana kitu anachokificha. Na kadiri mtoto alivyo mzuri ndivyo unavyomshusha, maana una hakika atapandishwa.

Mngedhani nilifurahi. Ule uovu niliokuwa nautafuta ndani yangu haukuwapo, baba yangu hakuwa ameona chochote. Sikufurahi. Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Wiki saba nilijisugua kama sufuria, nikalia nyuma ya jiko, kumbe mtu alikuwa ananiheshimu! Nilitamani angenichukia akasema kumi.

Jumatatu hakwenda kazini. Alivaa shati jeupe, akanichukua, tukaenda kwa Masere Mkuu. Ofisi ilinuka nta ya sakafu. Zile karatasi zetu zilikuwa juu ya meza, zimefungwa kwa kamba. Tata alichuchumaa mlangoni akapiga makofi ya taratibu, salamu ya kwao kwa mtu mkubwa, na Masere akamwambia ainuke, hapa hatuchuchumai.

"Masere, nimekuya ju ya karatasi ya mutoto. Ile ine."

Masere aliitafuta, akaiweka mbele yake. "Hiki ni kidole chako, baba?"

"Njo kidole yangu."

"Na wewe mwenyewe ulisema nne? Hakuna mtu aliyekulazimisha?"

"Mi mwenyewe. Lakini, Masere, nilisema vile ju ya heshima."

"Kwa hiyo si kweli?"

Tata alikitazama kile kidole chake kwenye karatasi.

"Baba, nakuuliza tu. Siku ile ulisema kweli au ulisema uwongo?"

Mnaona alivyobanwa. Akisema kweli, nimestahili kubaki. Akisema uwongo, kidole chake ni kidole cha mwongo, na nani atampeleka binti wa mwongo akafundishe watoto wa watu? Alinigeukia mimi. Naona mpaka leo macho yake: alidhani mimi niliyesoma miaka mitano nina neno la tatu la kumpa. Nilitazama sakafu.

"Nilisema sawa vile baba anasemaka mutoto wake," alijibu mwishowe.

"Baba yake Godeliva alisema kumi. Yeye alisema uwongo?"

"Hapana, Masere. Ule iko karani."

Masere alifuta miwani. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo linalonichoma, maana mtu mbaya ningemchukia nikamaliza. Akaniambia mimi: "Agnesi, mimi nilishangaa. Darasani nakuona vizuri. Nikasema, kumbe nyumbani ni mwingine. Baba anamjua mtoto wake kuliko mimi." Naye alimwamini baba yangu. Sote tulimwamini, kila neno. Halafu akasema orodha imeshakwenda kwa inspekta, na akimbadilishia mmoja, kesho atakuwa na mstari wa wazazi mpaka kanisani.

Tulirudi, yeye mbele, mimi nyuma. Tulipofika kwenye reli tulisimama kungoja mabehewa ya mawe yapite, na yalikuwa mengi. Katika kelele ile nilimsikia anasema, si kwangu, "Angeuliza tu. Mara moja. Angeniuliza tu."

Godeliva alipanda treni. Aliniandikia barua moja, akinieleza kwamba wanalala kwenye vitanda vya chuma na kwamba hesabu zinamshinda. Mimi nilikwenda foyer. Nilifuma soksi za watoto wachanga katika jua la Oktoba, soksi ambazo hakuna mtoto wa mji huu aliyezihitaji, na Sista wa kule akatoa alama kwa kila soksi. Kwa Tata nilikuwa na hasira ya mtoto mwenye adabu: kila kitu unaitika, kila kitu unafanya, na mtu mwenyewe humtazami usoni. Alijua. Alikuwa ananiletea vipande vya kitambaa kutoka kwa Madame wake, anaviweka karibu na mashine ya kushona, anaondoka. Nilivishona, sikushukuru kwa zaidi ya neno moja.

Miaka miwili ikapita hivyo, ikafika zamu ya Sofi. Niwaambie mapema kwamba Sofi alichukuliwa, alifundisha miaka mingi, na alifundisha vizuri, simnyimi haki yake. Lakini Sofi wa siku zile! Alikuwa anaitwa mara nne, ya tano anauliza "Nini tena?" Alifua shingo tu ya sare, pale panapoonekana. Karatasi ya nyumbani ilipofika, ileile ya mistari minne, Sofi alikuwa ameshachukua kalamu.

"Weye hapana," Tata alisema. "Weye utaandika ile unapenda. Agnesi, kuya."

Nilipiga magoti mbele ya kibao. Mama alikuwa na maharagwe yake. Sofi alifukuzwa nje, akabaki nyuma ya dirisha.

"Kutii," nilisoma.

"Kumi."

Kule nje Sofi alipasuka kicheko. Tata hakugeuka. Nilichovya kalamu, nikaandika moja, nikaandika sifuri.

"Usafi."

"Kumi. Na ingine zote, kumi. Andika."

Kalamu ilikataa. Sijui niseme namna gani: nilitaka kuandika, na mkono ukakaa pale juu ya karatasi, tone la wino likaanza kukua kwenye ncha. Sikuwahi maishani mwangu kumjibu baba yangu.

"Sofi njo kumi?" nilisema. "Na mi nilikuwa ine?"

Mama aliacha maharagwe. Mashavu ya Tata yalicheza, na nilipomtazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, niliona kwamba naye alikuwa na hasira, na kwamba alikuwa nayo miaka miwili yote kama mimi.

"Na weye!" alipiga kelele. "Kalamu ilikuwa mu mukono ya nani? Mi sijue kusoma! Ungeandika kumi, nani angejua? Mi? Ningejua namna gani? Ju ya nini haukuandika kumi?"

Nawaapia, sikuwa nimewahi kulifikiria. Miaka miwili ya soksi, miaka miwili ya kukasirika kila asubuhi, nimelaumu watu wote na karatasi yenyewe, na jambo lile halikunipitia kichwani hata siku moja, si Jumapili ile wala baadaye.

"Ulisema ine, Tata."

Hasira ilimtoka usoni. Alinitazama mpaka nikaona haya. Sifa aliyotaka kunipa hakuweza kuitamka mbele yangu. Hata siku ile, adabu yao haikumruhusu. Akamgeukia Mama.

"Bana Agnesi, unasikia? Nilimwambia aandike ine ku kutii. Anaandika ine."

"Mi nilisikia tangu ile siku," Mama alisema, akarudi kwenye maharagwe yake.